Kuchagua Amplifaya Ndogo ya Valvu kwa Gitaa la Nyumbani

Watu wanaojua kwamba ninapiga gitaa nyumbani kwangu Kisasa, hapa Dodoma, huniuliza mara kwa mara ni amplifaya gani ndogo ya valvu (ile mirija ya kioo ya kukuza sauti iliyotangulia transista) inayofaa kununuliwa kwa matumizi ya nyumbani. Wengi wao ni watumishi waliohamia huku pamoja na wizara zao. Wana saa moja au mbili za jioni, wamepanga nyumba ambazo ukuta wa jirani uko hatua chache kutoka dirishani, na wameshasikia kwa wapigaji wakongwe kwamba sauti ya valvu haina mfano. Jibu langu huwakera kidogo, kwa sababu huanza kwa kuwaomba waache kwanza kuhesabu wati.

Mnunuzi akiona amplifaya imeandikwa wati 5, hudhani kwamba sauti yake itakuwa ndogo kama ya redio ya mezani. Sivyo. Spika ya kawaida ya gitaa yenye upana wa inchi 12 hutoa takriban desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 97 hadi 100 ikipewa wati 1 tu na kupimwa kwa umbali wa mita 1, ilhali watu wawili wanaozungumza sebuleni kwa utulivu hufikia desibeli 60 hivi. Ukizidisha nguvu ya umeme mara mbili, unaongeza desibeli 3. Ukiizidisha mara kumi, unaongeza desibeli 10, ongezeko ambalo sikio la binadamu hulisikia kama sauti iliyokua karibu mara mbili. Kwa hesabu hiyo, amplifaya ya wati 50 husikika kama mara mbili tu ya ile ya wati 5, na ile ya wati 5 ikifunguliwa yote ndani ya chumba chenye sakafu ya vigae na dari ya jipsamu itaamsha watoto wa nyumba ya tatu. Ukitaka kupiga kwa desibeli 77 hivi, kiwango ambacho aliye chumba cha pili anaweza kukivumilia bila kununa, unahitaji takriban sehemu moja ya mia ya wati moja. Huko ndiko mpigaji wa nyumbani anakoishi, iwe amenunua amplifaya ya wati 1 au ya wati 15.

Jambo hili lina matokeo ambayo wauzaji hawapendi kuyataja. Ndani ya amplifaya ya valvu kuna hatua mbili. Ya kwanza hukuza mawimbi dhaifu yanayotoka kwenye gitaa, na mara nyingi hutumia valvu ndogo iitwayo 12AX7, ambayo watengenezaji wa Ulaya huiita ECC83. Ya pili ndiyo inayoisukuma spika kupitia transfoma ya kutolea sauti, na katika amplifaya ndogo kazi hiyo hufanywa na valvu kama EL84 au 6V6. Sifa nyingi tunazozisikia kuhusu valvu, yaani ule mkwaruzo laini unaokuja ukikaza mkono na kuondoka ukilegeza, hutokea pale valvu za hatua ya pili zinapofikishwa karibu na ukomo wa uwezo wake. Kwa sehemu ya mia ya wati, valvu hizo zimelala. Kwa hiyo unachokisikia sebuleni kwako ni hatua ya kwanza, spika na sanduku lake, na hivyo ndivyo vitu unavyopaswa kuvichunguza kabla ya kutoa fedha. Swali la kujiuliza ni kama amplifaya inapendeza nobu yake ya sauti ikiwa katika robo ya kwanza ya mzunguko. Kama inaanza kuwa na uhai ikifika nusu tu, ni chombo cha ukumbini, hata kama ni dogo kiasi cha kubebwa kwa mkono mmoja.

Hapa inabidi niulize unapiga nini, kwa sababu ushauri mwingi unaosambaa umeandikwa na wapenzi wa roki na bluzi, ambao wanautaka mkwaruzo na wanautaka mapema. Anayepiga solo ya muziki wa dansi, akifuata njia waliyopita akina Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, anahitaji noti zinazotoka safi, zenye kung'aa, zinazofuatana kwa kasi bila kugandana. Amplifaya ya wati 1 huanza kukwaruza mapema mno kwa mtu wa aina hiyo, hasa akiwa na gitaa lenye pikapu (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) za nguvu. Anapotaka kuongeza sauti kidogo ili alingane na mwenzake anayepiga rithimu kwa gitaa la kavu, noti zinaanza kuchafuka. Kwake yeye, na hili huwashangaza wengi, amplifaya ya wati 15 yenye nobu nzuri ya sauti kuu, yaani ile inayopunguza sauti ya mwisho bila kuigusa hatua ya kwanza, inafaa nyumbani kuliko ya wati 1. Anayepiga bluzi yuko upande wa pili, na kwake wati 5 au chini yake ni uamuzi wa busara. Wanaopiga besi nawaomba radhi: amplifaya hizi ndogo hazikutengenezwa kwa ajili yao, na spika zake zinaweza kuharibika.

Kuhusu spika nitasema kwa kirefu zaidi, kwa kuwa ndiyo inayoamua mambo na ndiyo inayopuuzwa. Amplifaya nyingi ndogo huja na spika ya inchi 8 ndani ya sanduku finyu. Fender Champ ya zamani ilikuwa na spika ya namna hiyo, na sauti yake katika kurekodi imependwa kwa miongo mingi, lakini kurekodi ni suala la maikrofoni iliyowekwa karibu na spika, si la mtu aliyeketi kwenye kochi. Mwaka 1933 watafiti wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sauti inapopungua, sikio hupoteza besi kwa kiasi kikubwa kuliko sauti za kati. Kwa mpigaji wa nyumbani, maana yake ni kwamba spika ndogo, ambayo tangu awali ina upungufu wa besi, itasikika kama inatoka ndani ya debe unapopiga kwa sauti ya chini usiku. Spika ya inchi 10 hupunguza tatizo hilo kwa kiasi cha kuridhisha, na ya inchi 12 hupunguza zaidi. Kama umeshanunua yenye inchi 8 na ina tundu la spika ya nje, unaweza kuiunganisha na sanduku kubwa zaidi, mradi idadi ya omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) iliyoandikwa nyuma ya amplifaya, iwe 4, 8 au 16, ilingane na ya spika hiyo. Usiwashe kamwe amplifaya ya valvu ukaanza kupiga bila spika kuunganishwa, kwa sababu transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua, nayo ndiyo kifaa cha gharama kubwa humo ndani.

Watengenezaji wamebuni njia kadhaa za kupunguza sauti. Nyingine zina swichi ya kushusha nguvu: Vox AC4TV ya wati 4 inaweza kushushwa hadi wati 1 au robo ya wati, na Marshall DSL5CR ya wati 5 hushuka hadi nusu wati na ina spika ya inchi 10. Nyingine, kama Fender Blues Junior ya wati 15 yenye valvu mbili za EL84 na spika ya inchi 12, hutegemea nobu ya sauti kuu, inayokuruhusu kuifanya hatua ya kwanza ifanye kazi kwa nguvu huku ya pili ikitoa kidogo. Kwa desturi za nyumbani kwangu, nobu ya sauti kuu ina manufaa kuliko swichi. Robo ya wati bado ni zaidi ya mara ishirini ya kile unachokihitaji usiku, kwa hiyo swichi peke yake haitakuondolea lawama za jirani. Kuna pia vifaa vinavyokaa kati ya amplifaya na spika na kuumeza umeme mwingi kama joto. Vinafanya kazi, ila kwa mtu anayeanza ni gharama ya pili inayoweza kuepukwa kwa kuchagua vizuri mara ya kwanza.

Umeme ni suala linalostahili uangalifu kuliko ule ambao wengi huupa. Sisi tunatumia volti 230 na hezi 50. Marekani hutumia volti 120 na hezi 60, na Japani volti 100, kwa hiyo amplifaya aliyokuletea ndugu kutoka huko itahitaji transfoma ya kushusha umeme, na hata ukiipata, transfoma ya ndani iliyoundwa kwa hezi 60 huweza kupata joto zaidi ikilishwa hezi 50. Mtumba wa Uingereza ni salama zaidi: volti ni zilezile, hezi ni zilezile, na hata plagi ni ile ya miguu mitatu ya mraba tuliyoizoea. Vitu vya Dubai pia huwa vya volti za kwetu. Vyovyote vile, soma kibati cha nyuma kabla ya kulipa. Ukishafika nyumbani, tumia stabilaiza, kwa maana umeme unaopanda kupita kiasi hufupisha maisha ya valvu, na umeme ukikatika zima swichi ya amplifaya mara moja ili usirudi ghafla ukiwa umeiacha wazi. Inveta za bei nafuu zisizotoa mawimbi laini huongeza mngurumo unaoudhi. Kuhusu LUKU usiwe na wasiwasi, kwani amplifaya ya wati 5 haili umeme wa kukufilisi.

Hapa Dodoma maduka yanayouza amplifaya za valvu ni nadra sana, na hata Kariakoo nyingi utakazoziona ni za transista. Tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024, mtu anaweza kwenda Dar es Salaam kuijaribu amplifaya na kurudi siku hiyohiyo, na naona ni afadhali kulipa nauli kuliko kununua kwa kuangalia picha. Beba gitaa lako mwenyewe. Omba iwashwe nusu saa, si dakika mbili, kwa sababu kasoro nyingi hujitokeza kukiwa na joto. Piga kwa sauti ambayo muuzaji anaweza kuzungumza nawe bila kuinua yake, hata kama yeye anakuhimiza ufungue zaidi. Acha kupiga, usikilize mvumo: kidogo ni kawaida, ukiweza kuusikia kutoka mlangoni si kawaida. Gonga valvu ndogo taratibu kwa nyuma ya penseli; ikijibu kwa mlio mkali kupitia spika, imechoka. Zungusha kila nobu. Zikitoa mchakacho, vumbi limeingia, na hilo fundi hulimaliza kwa dawa ya kupuliza.

Vumbi ni adui wa kweli katika mji huu kuanzia Juni hadi mvua zinapoanza. Mimi huifunika yangu kwa kipande cha kanga, lakini baada tu ya kupoa kabisa, kwa sababu valvu huhitaji hewa. Chagua amplifaya inayotumia valvu zinazopatikana kwa wingi, kama 12AX7, EL84 na 6V6, ambazo bado zinatengenezwa katika nchi kama Slovakia na Urusi, na uagize za akiba wakati uleule unaponunua. Amplifaya yenye valvu moja tu ya kutolea sauti mara nyingi hujirekebisha yenyewe unapobadilisha valvu, na hiyo ni nafuu kubwa mahali ambapo mafundi wenye uzoefu wa valvu ni wachache. Mzee aliyewahi kutengeneza redio za valvu anafaa kuliko kijana hodari wa simu. Kijana huyo ukimpa, mweleze wazi kwamba humo ndani mna volti 300 au zaidi, na kwamba kapasita huweza kuhifadhi umeme huo hata baada ya plagi kuchomolewa.

Kuna watu ambao huwa nawashauri wasinunue kabisa. Kama umepanga chumba kimoja na muda wako wa kupiga ni baada ya saa nne usiku, amplifaya ndogo ya transista yenye tundu la hedifoni itakufaa kwa kila namna, na fedha itakayobaki itatosha kununua nyuzi na pengine kumlipa mwalimu. Amplifaya nyingi za valvu haziwezi kunyamazishwa bila kifaa cha ziada. Lakini kama una nyumba yenye uwanja kidogo kuizunguka, kama zilivyo nyingi za huku Kisasa au Ilazo, na unapiga kabla ya taarifa ya habari, basi ningekuelekeza kwenye amplifaya iliyotumika kutoka Uingereza, ya wati 5 ikiwa unapenda bluzi na ya wati 15 ikiwa unapiga dansi, yenye spika isiyopungua inchi 10 na nobu ya sauti kuu. Kabla ya kuipakia kwenye basi au kuikabidhi kwa wasafirishaji, ichomoe kila valvu ikiwa imepoa, uandike ilikotoka, na uisafirishe kwenye mkoba wako ikiwa imezungushiwa taulo.