Maswali ya Wasomaji: Santuri Isiyo na Mwimbaji

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu baba aliniachia santuri za muziki wa dansi, na katikati yake nimekuta moja ya Kimarekani iitwayo "Green Onions", yenye picha ya vitunguu vya majani kwenye jalada. Nimepiga nyimbo zote 12 bila kusikia mtu akiimba. Je, ni santuri kamili, au ni ala zilizorekodiwa zikimsubiri mwimbaji?
Msomaji, Magomeni, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, ni kamili, ingawa umeukaribia ukweli kuliko unavyodhani. Booker T. & the M.G.'s, kundi lililopiga santuri hiyo, walikuwa wapigaji wa studio ya Stax mjini Memphis, iliyokuwa ndani ya jumba la zamani la sinema, na kazi yao ilikuwa kuwasindikiza waimbaji. Siku moja mwaka 1962, walipokuwa studio bila mwimbaji wa kumpigia, walijipigia bluzi ya taratibu, na mwenye studio, Jim Stewart, akairekodi. Bluzi hiyo, "Behave Yourself", ilihitaji wimbo wa upande wa pili, ndipo Booker T. Jones, kijana wa miaka 17, akatoa mstari wa kinanda aliokuwa nao kichwani. Wimbo huo wa kujazia nafasi ndio uliopanda hadi namba 3 katika chati kuu ya Marekani, na albamu ikachukua jina lake.

Usikilize tena. Kinanda kinarudia mstari mfupi, besi ya Lewie Steinberg inakwenda nao sako kwa bako, ngoma za Al Jackson Jr. hazina madoido hata kidogo. Kisha gitaa la Steve Cropper linachoma mara moja, linanyamaza, linachoma tena. Wapigaji wetu wa solo wakifika kwenye sebene humwaga vidole mfululizo (nami naipenda sana tabia hiyo), lakini Cropper anaacha wazi nafasi ambayo mwimbaji angeijaza, na utamu wote umo katika nafasi hiyo. Wala jambo hili si geni kwetu, kwani bashrafu ya taarabu hupigwa kwa ala tupu na hakuna anayeuliza mwimbaji yuko wapi.

Sitakuficha kwamba nyimbo zake hazilingani kwa uzito. "Mo' Onions" ni kuchovya tena katika chungu kilekile, na "Stranger on the Shore" kwangu ni chai iliyozidi sukari. Nyingi ni nyimbo za watu wengine, na hapo ndipo "Lonely Avenue", iliyowahi kuimbwa na Ray Charles, inaponinasa: kinanda kinashika zamu ya mwimbaji, kinavuta sauti na kuiachia kama mtu anayeshusha pumzi. Uipige usiku, Barabara ya Morogoro ikishatulia, kwa sababu mchana kelele za magari zitaimeza besi yote.