Metali nzito kwenye mboga: iliyo juu ya jani na iliyo ndani ya jani

SWALI: Huwa naosha mboga za majani kwa maji ya chumvi, kisha nazichemsha mpaka ziive kabisa. Je, hiyo haitoshi kuondoa risasi na metali nyingine nzito? (Mama wa watoto wawili)

JIBU: Haitoshi, mama. Moto huua vijidudu, lakini risasi na kadimi (cadmium, metali nyingine nzito yenye sumu) ni elementi: haziungui, haziozi, na chumvi haizifanyi kitu. Ukichemsha na kumwaga maji zinapungua kidogo tu, na vitamini nyingi huondoka na maji hayohayo. Cha kujua kwanza ni kama metali iko juu ya jani au imo ndani yake.

Risasi kwa kawaida iko juu zaidi. Huletwa na vumbi la barabara, moshi wa viwanda na matope yanayorushwa na matone ya mvua, ikanasa kwenye mikunjo ya jani na pale kikonyo kinapokutana na shina. Hiyo inaosheka. Chambua jani mojamoja, loweka kwenye beseni la maji mengi kwa dakika chache huku ukitikisa, kisha inua majani uyatoe. Usimimine beseni zima kwenye chujio, kwani mchanga uliokwisha tuama chini utayarudia majani. Pitisha kidole chini ya beseni: ukihisi chengachenga, badilisha maji urudie. Malizia kwa maji yanayotiririka, ndipo ukatekate. Karoti na viazi visugue kwa brashi, uvioshe, halafu uvimenye.

Kadimi ni habari nyingine. Huyeyuka kwenye maji ya udongo, ikafyonzwa na mizizi na kupanda hadi kwenye majani. Hakuna uoshaji unaoifikia. Hapo kinachosaidia ni kujua mboga ilikolimwa, na kutokula aina moja ya shamba moja kila siku.

SWALI: Nimesoma kwamba mboga zilipimwa zikakutwa na kadimi miligramu 2 kwa kilo, ilhali kikomo ni 0.2. Nimeacha mboga za majani kabisa. (Msomaji mwenye hofu)

JIBU: Kabla ya kuacha, uliza jambo moja: ni kilo ya mboga mbichi au iliyokaushwa? Maabara nyingi hukausha sampuli kabla ya kuipima. Kikomo cha Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) cha miligramu 0.2 kwa majani kinahusu mboga mbichi. Kwa kuwa takribani asilimia 90 ya jani ni maji, miligramu 2 kwa kilo kavu ni kama 0.2 kwa kilo mbichi. Yaani mboga hiyo imegusa kikomo. Haijakipita mara kumi. Kosa hili tunaliona mara nyingi mno, na linawanyima watu chakula bila sababu.

Hata hivyo kikomo si cha kudharau. Kamati ya wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, iliweka mwaka 2010 kiwango cha kuvumilika cha maikrogramu 25 (miligramu moja ni maikrogramu 1,000) za kadimi kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa mwezi. Mtu wa kilo 60 anapata nafasi ya takribani maikrogramu 50 kwa siku, kutoka kwenye vyakula vyote. Gramu 200 za majani yaliyogusa kikomo zinaleta 40. Mtoto wa kilo 15 nafasi yake ni 12.5 tu, na gramu 63 za majani hayo zinaimaliza. Kadimi hujilimbikiza kwenye figo na kukaa humo miaka 10 hadi 30. Ndiyo maana dozi ndogo ya kila siku ina uzito.

Kwa hiyo changanya. Spinachi na saladi hubeba kadimi zaidi. Nyanya, maboga, maharage na mahindi hubeba kidogo. Usiache majani, kwani mwili wenye upungufu wa madini ya chuma hufyonza kadimi na risasi nyingi zaidi. Na kama unavuta sigara, anza hapo: tumbaku ina kadimi, na mapafu huifyonza kuliko tumbo.

SWALI: Watoto wangu hawana dalili yoyote. Kuna haja ya kuwapima?

JIBU: Kama mnaishi au mnalima karibu na mahali panapoyeyushwa betri za gari au panapochimbwa madini, ndiyo. Risasi huathiri ubongo bila dalili za nje, hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 ya mtu mzima. Omba kipimo cha risasi kwenye damu. WHO inashauri kutafuta chanzo na kukiondoa damu ikifikia maikrogramu 5 kwa desilita. Dawa za kuvuta metali mwilini ni za hospitali. Za kienyeji za “kusafisha damu” ziacheni. Baadhi zimekutwa zenyewe zina risasi.

SWALI: Bustani yangu ya mboga za kuuza iko kando ya barabara kuu. Niihamishe?

JIBU: Pima kwanza. Chota udongo sehemu 10, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, kausha kivulini, peleka nusu kilo maabara. Peleka pia fungu moja la mboga lililogawanywa mara mbili, nusu imeoshwa, nusu haikuoshwa. Ikiwa iliyooshwa imeshuka sana, adui ni vumbi: panda ua mnene upande wa barabara, tandaza nyasi kavu chini ya miche, na mwagilia kwenye shina, si juu ya majani.

Zikilingana, metali inatoka kwenye udongo au maji ya kumwagilia. Udongo wenye tindikali huachia kadimi, hivyo pandisha pH (kipimo cha tindikali: ikipanda, tindikali inapungua) hadi 6.5 au 7 kwa chokaa ya kilimo na ongeza mboji. Lakini kipimo kikionyesha aseniki, sumu nyingine ya udongoni, usiweke chokaa: pH ikipanda, aseniki nayo inaweza kuachiwa. Hapo jenga matuta ya sentimita 30 kwa udongo safi ulioletwa kutoka kwingine, na utandike kitambaa kizito chini yake kabla ya kuujaza.