Fremu ya alumini au ya kaboni? Maswali yenu ya baiskeli

SWALI: Asalaam aleikum kaka. Mimi naishi Bamburi hapa Mombasa, daktari kaniambia presha inapanda nitafute zoezi, kukimbia magoti hayataki, kwa hivyo nimeamua baiskeli ya haibridi, ile ya usukani wa kunyooka. Nataka asubuhi nivuke daraja la Nyali mpaka Mama Ngina na kurudi. Sasa nimepata mbili bei moja, ya kwanza mpya, fremu ya alumini na foki (ile panda inayoshika gurudumu la mbele) ya kaboni, ya pili fremu nzima kaboni lakini mtumba wa ng'ambo, na muuzaji ameshikilia kaboni ndiyo kila kitu. Nina kilo 78. Nichukue ipi?

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu, pole na hiyo presha. Chukua ya alumini.

Uzito kwanza maana ndio wimbo wa kila muuzaji. Baiskeli za aina hii, kutoka fremu ya alumini kwenda ya kaboni unapunguza kama nusu kilo, ikizidi sana kilo moja. Wewe 78, baiskeli tuseme 11, jumla karibu 90, basi unapopanda lile daraja la Nyali hiyo kilo ni kama asilimia moja tu ya mzigo wote, ni sawa na chupa ya maji ya lita moja, na maji usiache kubeba hata siku moja kwa joto letu hili.

Kweli kaboni inameza mitetemo vizuri, hilo siwezi kulikataa, lakini foki yako ni ya kaboni tayari na mikono ndiyo inayochoka mwanzo, halafu kinachokupa raha zaidi ni tairi. Uliza kama fremu yaingia tairi za upana wa milimita 38, na usizijaze upepo mpaka ziwe ngumu kabisa, kwa uzito wako psi 50 hadi 55 kwenye geji ya pampu zatosha.

Kinachonitia hofu ni huo mtumba. Kaboni ni nyuzi zilizopangwa tabaka tabaka zikashikwa na gundi ya epoksi, ina nguvu ajabu kule ilikotengenezwa kubeba, lakini igongwe ubavuni au ibanwe vibaya yaweza kupasuka ndani na rangi juu bado yang'ara. Alumini ikigongwa kwa kawaida inabonyea ukaona. Sasa hiyo imekuja kwenye kontena, nani ajua ililaliwa na nini? Watu hugonga na sarafu wakisikiliza, mlio ukitoka mkali ukawa butu ghafla hapo pana kasoro, lakini usipobadilika bado huna hakika, na wewe utakuwa unateremka darajani na matatu nyuma yako.

Halafu kuna kukaza. Tazama pale bano linaposhika nguzo ya siti, mara nyingi pameandikwa 5 Nm (nyutoni-mita), hicho ndicho kipimo cha nguvu ya kukaza, na kinapimwa kwa spana ya toki. Mafundi wetu wa mtaani nawaheshimu sana, mtu anakunyoosha rimu kwa jicho tu na ikakaa, lakini wengi wamezoea baiskeli za chuma wanakaza mpaka mkono ugome, na kaboni ukiikaza hivyo inapasuka palepale banoni.

Na chumvi jamani! Utaambiwa kaboni haishiki kutu, sawa, lakini inapitisha umeme, kwa hivyo ikigusana na alumini pakaingia unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inaliwa, inatoa unga mweupe, na nguzo ya siti inaganda ndani ya fremu haitoki tena. Kwa yako, alumini kwa alumini, pia usijisahau, kila miezi miwili mitatu itoe nguzo, ifute, paka grisi, rudisha. Ingekuwa kaboni grisi haifai, siti ingekuwa yateleza, ina pasta yake maalum. Na ukiosha tumia maji ya bomba, visima vingi vya huku ni chumvi tupu utakuwa wapaka chumvi juu ya chumvi.

Alumini nayo ina mwisho wake, ikichoka nyufa hupenda kuanzia kwenye welding, hasa chini ya usukani na pale pedali zinapozungukia, kwa hivyo ukiosha pitisha jicho hapo. Na ukianguka hiyo foki mpe fundi anayejua kaboni aikague kabla hujaipanda tena.

Kama ile ya kaboni ingekuwa mpya, ina waranti, na una fundi mwenye spana ya toki karibu, ningekwambia jaribu zote mbili uchukue inayokukaa mwilini. Kwa hali uliyonieleza, hapana.

SWALI: Mimi ninayo ya kaboni tayari, kazini Changamwe naiacha juani kutwa. Jua laweza kuilainisha?

JIBU: Fremu haitalainika ndugu yangu, kiwandani hupikwa kwa joto kali kuliko jua lolote la Mombasa. Mwanga wa jua ndio unaokula ile gundi ya epoksi polepole, ila rangi na vanishi zinaikinga, kwa hivyo palipobanduka paka mapema. Kitakachoumia mwanzo ni tairi na mipira ya usukani, hizo zikipasuka nyufa ndogo ndogo badilisha, na ukipata kivuli hapo kazini isogeze.