Tony Alikufa au Hakufa? Majibu kuhusu Miisho Inayodaiwa Kufichwa

Tangu niigusie The Sopranos katika safu hii, barua hazijakatika, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa namna tofauti. Kwa asiyeijua, hii ni tamthilia ya Marekani aliyoibuni David Chase, ikaoneshwa na kituo cha runinga cha HBO kuanzia Januari 10, 1999 hadi Juni 10, 2007: misimu sita, sehemu 86. Inamfuata Tony Soprano, bosi wa genge la mafia huko New Jersey, aliyeigizwa na James Gandolfini. Katika dakika za mwisho Tony ameketi mgahawani na mkewe Carmela na mwanawe A.J. Binti yao Meadow yuko nje anahangaika kuegesha gari. Kengele ya mlango inalia, Tony anainua macho, na ghafla skrini inakuwa nyeusi. Sekunde kama kumi za giza bila sauti, kisha yanaanza kupita majina. Usiku ule Wamarekani wengi walidhani kebo imekatika.

Anayetaka kuitazama kwanza aiweke safu hii kando, airudie akimaliza.

Nimesikia Chase alirekodi miisho mitatu, na ule ambao Tony anapigwa risasi umefungiwa kabatini. Utatolewa lini? (Msomaji, Morogoro)

Ndugu yangu, usiusubiri. Uvumi huu una umri sawa na sehemu ya mwisho yenyewe, lakini miaka yote hii haijatokea hata picha moja ya mwisho huo wa pili. Naelewa kwa nini watu wanauamini, maana mchezo huo umewahi kuchezwa kweli. Mwaka 1980, dunia nzima ilipokuwa ikiuliza nani kampiga risasi J.R. wa tamthilia ya Dallas, watayarishaji walirekodi waigizaji kadhaa kila mmoja akimpiga risasi, hata Larry Hagman mwenyewe aliyekuwa J.R., ili siri isivuje. Kwa hiyo mtu anayekwambia "kuna mikanda mingine" hajaota ndoto. Kabeba habari ya tamthilia moja, kaivisha nyingine.

Kilichokuwepo ni mawazo mawili yaliyoachwa, na Chase ameyasimulia mwenyewe. La kwanza alilibuni mapema. Unakumbuka utangulizi wa kila sehemu, Tony akiwa ndani ya gari anatoka kwenye handaki la Lincoln kuelekea New Jersey, sigara mdomoni? Mwisho ungekuwa safari ile kinyumenyume: Tony anatoka New Jersey, anaingia handakini kurudi New York kwenye kikao ambako angeuawa. Aliliacha wazo hilo baada ya kupita karibu na mgahawa mdogo na kujiambia kwamba mtu kama Tony amalizikie mahali pa aina hiyo.

La pili linanigusa zaidi. Chase hakutaka majina yapite kabisa. Alitaka giza lile liendelee kwa muda wote ambao majina yangechukua, hadi nembo ya HBO itokee. Chama cha waongozaji filamu cha Marekani hakikumpa ruhusa ya kuyaondoa. Kama unatafuta mwisho mwingine wa The Sopranos, huo ndio: giza lilelile, ila refu zaidi.

Yule mwanamume wa jaketi aliyekwenda chooni mle mgahawani mwishoni si mpwa wa Phil Leotardo, bosi wa New York aliyekuwa adui wa Tony? Na wale wengine mle ndani si maadui wa zamani? (Msomaji, Mombasa)

Hapana. Madai haya yalisambaa kwa barua pepe siku chache baada ya Juni 10, 2007, yakiwa na maelezo ya kuvutia sana: kwamba wa jaketi ni Nikki Leotardo, kwamba dereva wa lori ni ndugu wa mtu aliyewahi kuporwa, kwamba vijana wawili walioingia ndio waliojaribu kumuua Tony katika msimu wa kwanza. Lakini kwenye orodha ya waigizaji mtu huyo hana jina, ametajwa kwa jaketi lake tu. Na katika lile shambulio la msimu wa kwanza, mmoja wa washambuliaji alikufa palepale. Hawezi kurudi kununua peremende.

Ninachokubali ni kwamba Chase alijua tutamtilia shaka mtu huyo. Anamtupia Tony jicho, anapita kando ya meza, anaingia chooni, na yeyote aliyeona The Godfather ya 1972 anakumbuka bastola iliyofichwa chooni. Hofu hiyo imetengenezwa kwa makusudi. Ukoo wa Leotardo ndio umeongezwa na watu.

Niliitazama kwenye kibanda umiza, nakala iliyotafsiriwa. Picha ilipokuwa nyeusi mtafsiri akasema, "Hapo Tony kashakula chuma." Je, katika nakala ya asili wanasema hivyo? (Msomaji, Mwanza)

Barua hii ndiyo iliyonifanya niandike safu nzima. Hapana, katika nakala ya asili hakuna neno wala mlio. Wimbo uliokuwa ukipigwa mgahawani unakatika, picha inakatika, basi.

Simlaumu mtafsiri. Kazi yake ni kuwashika mkono watu waliolipa wakaketi kwenye mabenchi, na kuwaacha kwenye ukimya wa sekunde kumi si jambo rahisi. Tena sisi tumelelewa na sheria ya "steringi hafi". Steringi akitoweka bila kuaga, lazima mtu aseme kitu. Lakini kwa kusema, alikufunika usione kazi yenyewe ilivyofanyika, na kazi hiyo ni miongoni mwa zilizosukwa vizuri kuliko zote nilizowahi kuziona kwenye runinga.

Tazama tena, safari hii ukihesabu kengele. Tony ameketi akiutazama mlango. Kengele ikilia, kamera inatuonesha uso wake ukiinuka, kisha inatuonesha anachokiona. Kengele, uso, mlango. Anaingia mwanamke. Anaingia mwanamume mwenye kofia. Anaingia Carmela. Anaingia yule wa jaketi, A.J. akiwa nyuma yake. Kufikia hapo macho yetu yamekwisha fundishwa bila sisi kujua: baada ya uso wa Tony, tunaona kwa macho ya Tony. Kisha inalia kengele ya mwisho. Uso unainuka. Na pale ambapo zamu ni ya macho yake, hakuna kitu. Giza limekaa mahali hasa ambapo angekuwa anaona.

Sasa unganisha na yaliyotangulia. Mwanzoni mwa nusu ya mwisho ya msimu wa sita, Tony na shemeji yake Bobby wako kwenye mashua ziwani, wanazungumza juu ya watu wa kazi yao wanavyokufa. Bobby anasema kwamba pengine hata husikii linapokufika. Sehemu inayofuata, Silvio, msaidizi wa Tony, yuko mezani mgahawani, mwenzake anapigwa risasi mbele yake, na sauti inapotea kabla hajaelewa kilichotokea. Kisha katika sehemu ya 85, Bobby akiwa ameshauawa, Tony amelala kitandani na bunduki kifuani, na maneno ya ziwani yanarudishwa. Mwandishi harudishi maneno ya mashuani usiku wa mwisho bure.

Kwa hiyo mimi naamini Tony aliuawa pale mezani. Mtafsiri wako alifika nilipofika. Tofauti ni kwamba alikupa jibu kabla hujapewa nafasi ya kutishika.

Mbona Chase mwenyewe aliwahi kusema Tony hajafa? (Msomaji, Dar es Salaam)

Usemi huo ni wa 2014. Mwandishi wa makala moja ya mtandaoni nchini Marekani alimuuliza kama Tony amekufa, akaandika kwamba alijibiwa hapana. Upande wa Chase ukatoa taarifa haraka kwamba maneno yamechukuliwa nje ya muktadha, na kwamba kukimbizana na swali hilo hakuna faida. Miaka iliyofuata, katika mazungumzo yaliyochapishwa kitabuni na tena katika mahojiano ya 2021, alipoelezea wazo la handaki na la mgahawa alizungumza kama mtu anayeelezea kifo. Siku zile za mwanzo kabisa, mwaka 2007, alikuwa Ufaransa. Alizungumza na gazeti moja la New Jersey akasema hana nia ya kueleza wala kuongeza chochote, kila kitu kimo mle.

Mimi nashika hilo la 2007. Mtunzi akihojiwa kwa miaka kumi na minne juu ya sekunde kumi, ulimi utateleza huku na huku. Kilichorekodiwa hakijabadilika.

Je, ni kweli mwenye ule wimbo aliambiwa siri ya mwisho kabla ya watu wote? (Msomaji, Nairobi)

Kweli kabisa. Wimbo ni wa bendi ya Journey, Don't Stop Believin', na Steve Perry, mwimbaji wake, aligoma kutoa idhini hadi aambiwe utatumikaje. Hakutaka wimbo wake uwe muziki wa familia nzima kumiminiwa risasi. Idhini yake ilipatikana siku chache tu kabla ya sehemu ile kurushwa, naye akatunza siri. Kuna wanaosema, basi hiyo ni hati kwamba Tony hafi. Mimi naona ni hati kwamba hakuna risasi inayoonekana, na hilo tunalijua sote.

Mwaka 2013 ziliisha tamthilia nyingine mbili, Breaking Bad na Dexter. Kuna video ambamo Walter White wa Breaking Bad, yule mwalimu wa kemia aliyegeuka mpika dawa za kulevya, anaamka kitandani na yote yalikuwa ndoto. Ni ya kweli? (Msomaji, Arusha)

Imerekodiwa kweli, lakini kwa utani. Bryan Cranston kabla ya kuwa Walter alikuwa baba wa familia katika Malcolm in the Middle, tamthilia ya vichekesho ya 2000 hadi 2006. Walimrudisha kitandani na Jane Kaczmarek, aliyeigiza mkewe humo, naye Cranston akamsimulia ndoto mbaya ya kupika dawa za kulevya. Iliwekwa kama zawadi kwenye mkusanyiko wa diski.

Nadharia nzito zaidi ni ile inayosema Walter alikufa ndani ya gari kwenye theluji, na kila kinachofuata ni njozi ya mtu anayekata roho. Ilivutia watu makini, kwa sababu baada ya pale kila jambo linamnyookea mno. Lakini naipinga kwa hoja moja. Walter anaamini Jesse, mwenzake wa zamani wa kupika dawa, amekuwa mshirika wa genge la Jack, adui yake. Anapomkuta amefungwa minyororo ndipo anapojua alikosea. Njozi haiwezi kukuonesha usilolijua.

Miisho mingine ilikuwepo kwenye meza ya waandishi tu. Vince Gilligan na wenzake walimpa Walter bunduki kubwa ya mashine mwanzoni mwa msimu wa tano kabla ya kujua ataifanyia nini, wakapima hata wazo la kuvunja jela kumtoa Jesse.

Na Dexter? Alikufa mara ngapi? (msomaji huyohuyo)

Septemba 22, 2013 Dexter, muuaji anayewawinda wauaji wenzake, aliachwa hai, mkata magogo. Januari 9, 2022 mwanawe Harrison akampiga risasi. Mwaka 2025 akarudishwa akiwa mzima. Hapa ndipo moyo unaniuma, maana risasi ya Harrison ilikuwa na uzito na tuliilia. Hakuna haja ya kuvumisha mwisho uliofichwa ikiwa uliooneshwa wenyewe unafutwa.

Mimi na mume wangu hatusikilizani juu ya Tony. Yeye anasema familia ilimaliza pete zao za vitunguu ikarudi nyumbani. Tuirudie yote tuamue? (Msomaji, Tanga)

Dada yangu, sehemu 86 ni nyingi. Anzeni na ile ya ziwani, Soprano Home Movies, mwendelee hadi mwisho: ni sehemu tisa, wikendi mbili zinatosha. Mumeo ana hoja ya kusikilizwa. Upande wa New York ulikuwa umekwisha kubali amani, na Phil ameuawa kituo cha mafuta mapema katika sehemu hiyohiyo ya mwisho. Muulize tu nani basi alikuwa na sababu ya kutuma mtu, naye akuulize wewe.

Na kama kuna aliyetaka kukaa pale pale walipokaa, mgahawa ni wa kweli, Holsten's, uko Bloomfield, New Jersey. Kile kiti na meza ya Tony viliuzwa kwa mnada mtandaoni mwezi Machi 2024 kwa dola 82,600, kikawekwa kipya mahali pake.  Mkifika kwenye kengele ya mwisho, zimeni taa, na mmoja wenu asimguse mwenzake wala kusema neno hadi majina yaanze kupita. Kisha niandikieni mlichokiona.