Kupima presha ya silinda ya dizeli: anza bila kuchoma mafuta

Wewe unayeanza kazi kwenye chumba cha majaribio ya injini, usikimbilie kuwasha. Dizeli yenye turbo inaweza kuvuka baa 200 ndani ya silinda, na grafu itapendeza macho hata kama vipimo vyote ni vya uongo. Izungushe kwanza kwa mota, bila mafuta. Hapo ndipo makosa hujianika.

Sensa nyingi hukaa kwenye tundu la hita plagi (plagi ya kupasha silinda moto wakati wa kuwasha) kwa adapta. Adapta ifuate umbo la plagi yenyewe. Ikiacha nafasi kubwa pembeni, kompresheni inapungua na gesi inalia kwenye mfereji huo. Mfereji wa milimita 50, sauti ikisafiri mita 900 kwa sekunde, utalia karibu hezi 4,500, na mgeni atadhani ni kelele ya mwako. Kaza kwa spana ya toki kwa kiwango cha mtengenezaji, kwa sababu ukizidisha, sensa inajipinda na usikivu wake unabadilika.

Fuwele ya sensa hutoa chaji ndogo mno, ya kupimwa kwa pikokulombi, kwa hiyo waya na viungio vinahitaji ukinzani wa takriban omu trilioni 10. Jasho la kidole kwenye kiungio linatosha kuivujisha chaji, na usomaji ukaanza kutambaa. Usiguse ncha kwa mkono mtupu, na ukitenganisha waya, funika ncha papo hapo.

Fuwele hiyo hiyo hupima mabadiliko tu, haijui sifuri iko wapi. Ipe rejea: presha ya manifoldi ya kuingizia hewa, pistoni ikiwa chini mwishoni mwa uvutaji. Rejea ikikosewa, kazi ya mzunguko mzima (nishati ambayo gesi inaipa pistoni) haibadiliki, ila presha ya kilele na hesabu ya joto linalotolewa huharibika.

Kinachotesa watu zaidi ni kujua pistoni iko juu kabisa kwenye digrii ipi ya mzunguko wa kranki. Kosa la digrii 1 linaweza kupotosha kazi iliyohesabiwa kwa asilimia 5 hadi 10, kwa hiyo lenga digrii 0.1. Usichukue kilele cha presha kuwa ndiyo juu kabisa: injini ikizungushwa na mota, kilele hutangulia kidogo, kwa kuwa joto hupotea ukutani na gesi huvuja kwenye ringi.

Sasa chora presha dhidi ya ujazo, vyote kwa logi (skeli ya logarithimu). Mstari wa kubana unyooke, mteremko kati ya 1.3 na 1.4. Mstari huo ukipinda sehemu ya presha ndogo, rudia rejea. Mstari wa kutanuka ukae chini yake. Mistari hiyo ikikatana karibu na kilele, enkoda (kifaa kinachosoma digrii za kranki) imesogea.

Baada ya kuchoma, rudia zoezi la mota kwa kasi ileile na joto lilelile la maji. Kilele kikishuka, fungua sensa uangalie masizi, na data ya siku hiyo isitumwe kwa yeyote kwanza.