Mnara wa Lugalo ni wa nani?
Ndugu yangu, huo mnara uliouona ukiwa kwenye basi ukikaribia Iringa kutoka Morogoro si wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Ni wa Wajerumani, wa kuwakumbuka watu wao waliouawa Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Kamanda wao, Emil von Zelewski, ambaye Waafrika walimwita Nyundo, aliongoza msafara bila tahadhari. Wahehe waliojificha vichakani wakawavamia kwa mikuki. Naye akafia hapohapo. Ajabu kidogo, walioshindwa ndio wenye mnara! Ukitaka ya Mkwawa mwenyewe nenda Kalenga, kijiji karibu na Iringa, fuvu lake liko makumbusho pale tangu liliporudishwa 1954. Kaburi ni Mlambalasi, alikojiua 1898 asikamatwe.