Uongozi wa chuo na uhawilishaji wa teknolojia: kwa nini dodoso moja halitoshi

SWALI: Ninaandika tasnifu ya uzamivu kuhusu uongozi wa vyuo vikuu na uhawilishaji wa teknolojia kwenda viwandani. Wahadhiri wamejaza dodoso lenye sehemu mbili: mtindo wa uongozi wa mkuu wa chuo, na kiwango cha idara yao kushirikiana na viwanda. Uwiano umetoka mkubwa, lakini msimamizi wangu anasema hauna uzito. Tatizo ni nini?

JIBU: Msimamizi wako ana hoja. Aliyempa mkuu wa chuo alama ndiye huyohuyo aliyeipa alama idara yake, kwa kikao kimoja. Anayempenda mkuu atasifu pande zote mbili. Aliyenyimwa cheo atakandia zote mbili. Sehemu ya uwiano wako, basi, ni hisia za mjibuji tu. Na kile kipimo cha Harman, jaribio la takwimu la kuona kama majibu yote yanatawaliwa na chanzo kimoja, ambacho wengi hukibandika kwenye sura ya nne ya tasnifu, hakiliondoi tatizo hili.

Tenganisha vyanzo. Uongozi waulize wahadhiri, lakini matokeo yatoe kwenye kumbukumbu za ofisi ya uhawilishaji: taarifa za uvumbuzi zilizowasilishwa, maombi ya hataza (haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi), leseni, mikataba ya utafiti na kampuni. Mapato ya leseni yaogope kidogo. Hataza za wanasayansi Cohen na Boyer za kuunganisha vinasaba, zilizosimamiwa na Chuo Kikuu cha Stanford, ziliingiza takriban dola milioni 250 hadi zilipokwisha muda mwaka 1997. Hataza za namna hiyo ni chache mno, na moja tu ikiingia kwenye data yako itavuruga wastani wote.

Lakini mimi ningeanza na swali jingine: kwa nini mkuu wa chuo? Mhadhiri wa kawaida huenda asionane naye mwaka mzima. Anayemgawia vipindi, anayeandika tathmini yake, anayeamua kama hataza itahesabiwa wakati wa kupandishwa cheo, mara nyingi ni mkuu wa idara. Janet Bercovitz na Maryann Feldman, katika utafiti wao wa mwaka 2008 kuhusu vitivo vya tiba vya vyuo vikuu vya Duke na Johns Hopkins, Marekani, waliona kwamba mwanasayansi huelekea zaidi kuwasilisha uvumbuzi wake kwa ofisi ya uhawilishaji pale mkuu wa idara mwenyewe anapofanya hivyo, na pale wenzake wa ngazi yake wanapofanya hivyo. Kwa hiyo pima na matendo ya kiongozi. Je, yeye amewahi kuwasilisha uvumbuzi? Ukimpima kwa hotuba zake, utapata picha nyingine kabisa.

Ukishuka hadi idara, wahadhiri wa idara moja hawahesabiki tena kama watu wasiohusiana. Tumia modeli ya ngazi mbili, yaani inayomtazama mhadhiri ndani ya idara yake, na kabla ya kukokotoa wastani wa idara onyesha kwamba wanakubaliana kuhusu kiongozi wao. Idara zikiwa chache, modeli hiyo itakupa makadirio yanayoyumba. Hapo ni heri idara nyingi zenye wajibuji wachache kila moja.

Halafu kuna muda. Ombi la hataza ya kwanza ya Cohen na Boyer lilipelekwa 1974, ikatolewa 1980. Ukilinganisha kiongozi wa leo na leseni za leo, huenda unampa sifa za aliyemtangulia. Taarifa za uvumbuzi huitikia mapema zaidi, hivyo zifanye kipimo chako kikuu.

Dodoso ulilonalo usilitupe. Likiwa na jina la idara, omba kibali cha kamati ya maadili uliunganishe na kumbukumbu za ofisi ya uhawilishaji, kisha ufanye uchambuzi upya.